Nilivyokiri Kosa la Ng'ombe Nisiyemjua

Asubuhi ile niliondoka Bugene kwa sababu dada yangu alifagia. Aliyezoea kulala kwa watu ananielewa. Mwenye nyumba akianza kufagia pale ulipoketi, akazunguka, kisha akarudi kufagia palepale pasipo na hata jani, huo si usafi, ni tangazo. Mara ya kwanza nilinyanyua miguu. Mara ya pili nikanyanyua mwili mzima, nikachukua begi langu na kuaga.

"Unaenda wapi?" dada akauliza.

"Kuna mahali," nikasema.

Hapakuwa na mahali. Akanifungia viazi vitamu viwili kwenye jani la mgomba, na haraka aliyovifunga nayo ilikuwa ya mtu anayeogopa nitabadili mawazo.

Shule niliiacha darasa la sita. Napenda kuwaambia watu kwamba ilikuwa shida ya ada na sare, kwa kuwa hiyo ni sababu yenye heshima. Kweli ni kwamba siku moja katapila la kuchonga barabara lilipita mbele ya darasa, nami nikalifuata nione linalala wapi. Lililala mbali. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kufuata vitu. Nimechuma kahawa Kanoni, nimeuza maji Nyakahanga kwa watu waliokuja kuona wagonjwa, nimelinda tanuri la matofali ambalo hakuna aliyetaka kuliiba.

Kusoma lakini sikuacha. Nasoma chochote kilichofungiwa chakula. Siku chache kabla ya ufagio wa dada nilinunua muhogo wa kukaanga pale Kayanga, ukiwa umefungwa kwenye ukurasa wa kitabu cha zamani cha shule. Mafuta yalikuwa yamelainisha karatasi hata ikawa inasomeka pande zote mbili kwa pamoja: upande mmoja hesabu za sehemu, upande wa pili hadithi ya wanyama waliyoitunga Wayunani wa kale, ndugu wa wale waliomhangaisha Mtume Paulo. Ilikuwa hadithi ya usaliti. Nikaipenda papo hapo. Mtu anayehamahama hupenda hadithi za usaliti, maana zinamsaidia kuamini kwamba kila mahali aliondoka kwa busara, si kwa ufagio.

Basi nikaifuata barabara. Nilipita Nyakahanga, nikapita vibanja vya migomba iliyopandwa mpaka ukingoni mwa lami, na nilipoanza kupanda mlima mmoja mrefu nikamkuta mtu anasukuma pikipiki. Alikuwa wa rika langu, amevaa koti zito, shati jeupe na viatu vilivyong'arishwa, na nyuma ya pikipiki alikuwa amefunga dumu kubwa la njano lililozibwa kwa majani ya mgomba. Jasho lilimtoka kama mtu aliyenyeshewa peke yake.

"Mafuta yameisha?" nikamuuliza.

"Mafuta yapo."

"Plagi?"

"Plagi mpya."

"Sasa tatizo ni nini?"

"Ni mlima," akasema.

Nikaweka begi langu juu ya dumu, nikashika nyuma, nikasukuma. Sikuombwa. Ndivyo nilivyo; nikiona kitu kinakwenda kwa shida lazima nijue kinakwenda wapi. Kilikuwa kinakwenda Kyerwa, ukweni kwa yule bwana. Yeye alikuwa mkulima wa Kanoni, ndizi na kahawa, na mke wake alikuwa mtoto wa wafugaji wa huko kwenye mbuga za nyasi.

"Mke wangu amerudi kwao," akanieleza tulipofika kileleni na kusimama kupumua.

"Kwa nini?"

"Maneno."

"Maneno gani?"

"Ya nyumbani, ndugu yangu. Wewe umeoa?"

"Bado."

"Basi hata nikikwambia hutaelewa."

Jibu hilo liliniridhisha kabisa. Leo nikilifikiria naona lilikuwa jibu la mtu aliyefunga mlango kwa adabu, lakini wakati ule nilisikia tu kwamba nimeitwa ndugu yangu.

Kushuka, pikipiki iliwaka. Iligoma mlimani tu. Ikishuka ilitubeba, ikipanda tuliibeba. Nilikaa nyuma na dumu mapajani, maana kamba ilikuwa imelegea, na harufu tamu ya rubisi, pombe yetu ya ndizi, ilinipanda puani kila tulipopita kwenye shimo. Katika kijito kimoja tulisimama tukala viazi vya dada, na hapo bwana yule akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, kama mtu anayempima mbuzi kwa macho kabla ya kuuliza bei.

"Wewe unaonekana una maneno," akasema.

"Wanasema."

"Unajua kuzungumza mbele ya wazee?"

Hakuna swali ambalo lingeweza kuniingia kwa ndani zaidi. Nyumbani kwetu niliambiwa ninyamaze, shuleni niliambiwa ninyamaze, na shemeji yangu wa Bugene aliwahi kunikabidhi redio akiniambia, "Angalau hii ina kitufe." Sasa mtu mzima mwenye koti ananiuliza kama najua kuzungumza.

Akanieleza shida yake. Mkwe hajisemei mwenyewe ukweni. Anakwenda na mtu wa kumsemea, na mtu huyo lazima awe rafiki. Rafiki aliyekuwa aje naye asubuhi ile hakutokea. Kwenda peke yake haiwezekani, na kurudi haiwezekani pia, kwa sababu wakwe walikuwa wametuma neno kwamba siku ile ikipita bila yeye kufika watamhesabu mke wake kuwa binti yao tena, na asisumbuke kupanda milima.

"Nitakusemea," nikasema, kabla hajaniomba.

"Kweli?"

"Nitakusemea mpaka walie."

"Hapana, usiwalize. Kuna jambo moja tu la kuzingatia." Akajisogeza karibu. "Wale ni watu wa zamani. Kwao, anayekuja kukana kosa hafunguliwi mlango. Anayekiri kwanza ndiye anayesikilizwa. Kwa hiyo wakikuuliza lolote, wewe kubali. Usiulize ni nini. Ukiuliza wataona tunataka kubishana. Wewe kubali, halafu maneno yako mazuri yafuate."

Niliona ni busara kubwa. Na kwa kweli huo ndio utaratibu wetu. Hata mimi nimeona wazee wakimsamehe mtu aliyeangusha ghala, kwa sababu tu aliingia akisema nimekosa. Sikujiuliza kwa nini mtu mwenye maneno ya nyumbani tu ana haja ya kukubali bila kuuliza.

Mlima uliofuata ulikuwa mrefu, nikaona nimlipe kwa kuniamini, nikamsimulia ile hadithi ya Wayunani tukiwa tunasukuma. Punda na mbweha, nikamwambia, walishika urafiki, wakaapiana kwamba hakuna atakayemwacha mwenzake.

"Ngoja," akasema. "Punda hasa ndiye yupi?" Kwetu punda hawaonekani.

"Ni kama ng'ombe, ila hana pembe wala maziwa ya kuuza."

"Sasa ana faida gani?"

"Anabeba."

"Aah. Endelea."

Wakaingia porini. Mara simba huyu hapa. Mbweha akatangulia haraka, akamnong'oneza simba: wewe niache mimi nikuletee punda, bila wewe kutoka jasho. Simba akakubali. Mbweha akarudi kwa rafiki yake, akamwongoza kwa maneno matamu mpaka kwenye shimo refu, punda akatumbukia. Simba alipoona punda yuko shimoni na hana pa kwenda, akageuka, akamla mbweha kwanza.

Bwana yule alicheka mpaka tukalazimika kuweka jiwe chini ya gurudumu.

"Na huyo punda, njia nzima, hakuuliza wanakwenda wapi?"

"Hakuuliza. Alifurahi kuitwa rafiki."

"Punda mzuri sana huyo," akasema, akijifuta macho.

"Ndiyo maana mimi," nikamwambia huku nimeegemeza bega kwenye dumu lake, "mtu siwezi kumwamini upesi."

"Hata mimi nimekuona," akasema. "Wewe ni mtu wa kuangalia."

Baada ya Nkwenda vibanja vilipungua. Nchi ikafunguka, vilima vya nyasi vikapangana mpaka macho yakachoka, na ng'ombe wenye pembe ndefu wakasimama katikati ya barabara bila haraka yoyote, kama watu waliokwisha kumaliza kazi. Nilikuwa sijawahi kufika upande ule. Nilikuwa nageuka huku na huku nikiuliza jina la kila kitu, naye akinijibu kwa upole mkubwa, upole ambao kwa sasa naujua ni wa mtu anayempeleka mgonjwa kwenye sindano.

Nyumba ya wakwe ilikuwa juu ya mwinuko, paa la bati, ua wa minyaa, na zizi ambalo moshi wa samadi ulikuwa unalizunguka kufukuza nzi. Kwenye lango bwana yule akasimamisha pikipiki, akafungua dumu na kunipandishia kichwani.

"Mkwe haingii na mzigo," akasema. "Mzigo unaingia na rafiki."

Nikaingia, basi, nikiwa nimebeba.

Uani kulikuwa na watu wawili tu. Mmoja alikuwa baba mkwe, mzee mrefu aliyeketi kwenye kigoda na fimbo kati ya magoti. Wa pili alikuwa dada yake, shangazi wa yule mke, bibi mdogo wa umbo aliyekaa kwenye mkeka anavuta kiko. Mama mkwe hakuonekana, maana yeye na mkwe wake hawatazamani. Binti mwenyewe naye alikuwa ndani. Anayesubiri kuamuliwa hakai uani. Mlangoni palikuwa na pazia la kitenge, na nyuma ya pazia palikuwa na ukimya wa watu wengi.

"Shikamoo baba. Shikamoo shangazi."

"Marahaba," akasema mzee. Shangazi alitoa moshi tu.

Bwana yule aliketi mbali, chini, macho kwenye viatu vyake vilivyojaa vumbi. Mimi nikatua dumu, na rubisi ikamiminwa kwenye kibuyu.

"Aliyeleta aonje," akasema shangazi.

Ni desturi, anayeleta pombe hunywa kwanza, wenyeji wajue haina kitu. Nikamtazama bwana yule anywe. Yeye akanionyesha kibuyu kwa kidevu. Nikanywa, na kwa sababu ya kiu ya milima nikanywa zaidi ya kuonja.

"Huyu ndiye?" shangazi akauliza, akinielekezea kiko.

"Ndiye, shangazi," akajibu bwana yule, sauti ikitoka kwenye viatu.

"Wewe ndiye?"

Nilijiweka sawa. Nilikuwa nimeiandaa sauti yangu tangu kijitoni. "Ndiye mimi, shangazi. Nimekuja na uso wangu. Sikutuma mtu."

Mzee na dada yake wakatazamana. Niliona nimewagusa.

"Na unakubali kosa?"

"Nakubali. Nakubali lote, shangazi, hata lile ambalo hamjalitaja."

"Anakubali kirahisi hivi?" mzee akamuuliza dada yake.

"Mwache akubali. Sisi tulidhani atakana." Akageuka kwangu. "Haya. Ng'ombe yuko wapi?"

Hapa lazima nijitetee kidogo. Nilikuwa nimesikia maisha yangu yote kwamba wafugaji huuliza habari za ng'ombe kabla ya habari za watu, na kwamba mkulima asiyejua kujibu huonekana hana malezi. Nikaona hii ndiyo ile salamu yenyewe.

"Hajambo, shangazi," nikasema kwa furaha. "Hajambo kabisa. Anawasalimu."

Fimbo ya mzee ilisogea.

"Anatusalimu?"

"Sana, mzee. Anakula vizuri."

"Anakula wapi?"

"Majani," nikasema, kwa kuwa hilo nilikuwa na uhakika nalo.

"Ng'ombe niliyempa mwanangu kwa mkono wangu siku anaolewa," mzee akasema polepole, "ili wajukuu zangu wanywe maziwa. Ukamlaghai mume wake, ukamchukua huyo ng'ombe, ukampa hilo pikipiki la kusukuma. Sasa unakuja hapa kuniambia anakula vizuri?"

Nikamtazama bwana yule. Alikuwa anakwangua tope kwenye kiatu kwa kijiti, kwa umakini wa fundi saa.

Sasa ningeweza kusema: mimi simjui ng'ombe huyo, simjui hata mtu huyu, nimekutana naye mlimani leo. Mtu mwenye akili angesema hivyo. Lakini nilikuwa nimekwisha kusema nakubali lote, mbele ya wazee, na pombe tumboni, na jambo la ajabu ni kwamba niliona aibu kuharibu hotuba iliyoanza vizuri. Nikaendelea kuchimba.

"Mzee wangu," nikasema, "kosa ni langu, na ng'ombe ni... ni ng'ombe mzuri."

"Pembe zake zikoje?" shangazi akauliza.

Nikafikiria wale wa barabarani. Nikanyoosha mikono yote miwili juu, wazi kabisa, kama mtu anayepokea mvua. "Ndefu hivi! Zimesimama!"

Nyuma ya pazia mtu alicheka. Hakikuwa kicheko cha adabu; kilimponyoka, akajaribu kukirudisha, kikamponyoka tena.

"Shangazi," sauti ya mwanamke ikasema kutoka ndani, "ng'ombe wangu pembe yake moja imeinama mpaka jichoni. Huyo mtu hajawahi kumwona. Na aliyemchukua namjua, amekula kwangu mara nyingi. Yule sauti yake ni ya mtu anayeshiba."

Mzee alinyanyuka. Hapo ndipo hadithi ya Wayunani ilipoanza kunijia, polepole, kama mtu aliyechelewa mazishini anatafuta pa kupenya. Niliangalia dumu. Niliangalia begi langu lililobaki kwenye pikipiki, nje ya lango. Niliangalia bwana yule.

"Umemtoa wapi huyu?" mzee akamuuliza.

"Baba, mlisema nisije bila rafiki yangu aliyemchukua ng'ombe. Nimemfuata kwake, amenifungia mlango. Na siku ndiyo leo. Ningefanya nini?"

"Nimekuuliza umemtoa wapi."

"Barabarani." Akashika tena kijiti chake. "Alikuwa anatafuta pa kwenda."

Katika yote yaliyosemwa siku ile, hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu lilikuwa kweli.

Nilipata sauti yangu. Nikasimama nikasema kwamba mimi ni mpita njia, sina hatia, na kwamba yaliyonipata yalikwisha kuandikwa zamani na Wayunani. Shangazi akatoa kiko mdomoni.

"Nani?"

"Wayunani, shangazi. Watu wa kale, wa ng'ambo."

"Wanafuga?"

"Sijui. Lakini wana hadithi."

"Isimulie," akasema, akajiegemeza. Nadhani alitaka kaka yake apoe, maana mzee alikuwa bado amesimama na fimbo. Nikaisimulia tena, safari hii kwa uchungu wa mhusika. Nilipofika kwa mbweha nilimnyooshea kidole bwana yule. Nilipofika shimoni nilijipiga kifua. Nilipofika mahali simba anamla mbweha kwanza, nikamgeukia mzee, nikainamisha kichwa, kama kumwambia karibu chakula.

Shangazi alifikiri.

"Huyo simba," akasema, "hakuwa na binti."

"Sijaelewa, shangazi."

"Wewe huoni? Simba asiye na binti anaweza kula mbweha yeyote anayemtaka. Lakini mbweha akishamwoa binti yako, utamla? Halafu binti umpeleke wapi? Hao Wayunani wako walitunga hadithi ya watu wasioozeshana." Akarudisha kiko mdomoni. "Kaka, kaa chini."

Mzee akakaa. Sijawahi kuona hadithi ya kale ikiangushwa kwa wepesi ule, na mimi ndiye niliyekuwa nimeibeba milima yote.

Hukumu ilitolewa na shangazi, bila kelele. Bwana yule aondoke saa ileile na pikipiki lake, alirudishe kwa mwenyewe, aje na ng'ombe. Asipomleta, asije. Na binti? Shangazi akageuza uso kuelekea pazia. "Unasemaje wewe?"

Bwana yule aliacha kukwangua kiatu. Kwa mara ya kwanza tangu tuingie uani aliinua uso, na nikaona kwamba mtu huyu hakuwa amelala siku nyingi, na kwamba katika ule ujanja wake wote alichokuwa anatafuta ni pazia lile lifunguke.

"Akija na ng'ombe," sauti ikasema, "nitamfuata ng'ombe."

"Umesikia," mzee akamwambia mkwe wake.

"Nimesikia, baba."

Nikasimama nami, nikajipangusa suruali. "Basi wazee wangu, na mimi niwaage."

"Wewe unakwenda wapi?" akauliza shangazi.

"Mimi ni mpita njia, shangazi."

"Mpita njia?"

"Ndiyo."

"Sasa umefika. Umesema nakubali mbele yetu, ukanywa pombe ya kukubali, tena kibuyu kizima, nimekuona. Maneno ya namna hiyo hayabaki hewani bila mtu. Utakaa hapa mpaka ng'ombe aingie zizini."

"Na asipoingia?"

"Unajua kukamua?"

"Hapana."

"Utajifunza."

Bwana yule alinipita pale langoni. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, nimeyapanga. Alinikabidhi begi langu kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mkubwa wake kitu, akasema kwa sauti ya chini, "Nisamehe, ndugu yangu. Hotuba yako ilikuwa nzuri lakini." Na mimi, Mungu ananiona, badala ya kumtukana nikamuuliza, "Kweli?"

Akaanza kushuka. Mwanamke alitoka ndani sasa, kwa kuwa mume hakuwepo tena uani. Alikuwa kijana kuliko nilivyofikiri, amebeba kibuyu cha maziwa. Alinipa mimi bila kuniangalia, akaenda kusimama langoni. Pikipiki ilikohoa, ikawaka, ikashuka mteremko ule kwa fujo, ikafika bondeni, ikazimika mwanzo wa kilima cha ng'ambo. Tukamwona, mdogo kama mdudu, amevua koti, anasukuma.

"Anasukuma peke yake," nikasema.

"Naona."

"Atarudi?"

Akashika mti wa lango.

"Nauliza kwa sababu mimi nimewekwa rehani, dada."

"Mume wangu," akasema, "hata maji ya kuoga alikuwa anatafuta mtu wa kumsaidia kuyabeba." Akaendelea kutazama mpaka yule mdudu akafika nusu ya kilima, akapumzika, akasukuma tena. Jua lilikuwa limeshafika kwenye migongo ya ng'ombe waliokuwa wanarudi. Alipofika kileleni tukasikia pikipiki inawaka upande wa pili, mbali, kisha haikusikika tena. Mwanamke akageuka upesi.

"Njoo nikuonyeshe pa kulala."

Kilikuwa chumba kidogo cha udongo kilichoegemea banda la ndama, chenye dirisha la ukubwa wa sahani na kitanda cha miti. Juu ya kitanda palikuwa na mzigo mkubwa uliofungwa kwa kitenge, mafundo mawili mawili, mpini wa jembe ukichomoza upande mmoja na sufuria ikiwa imefunikizwa juu.

"Usogeze tu," akasema. "Ila usiufungue, nimehangaika kuufunga."

"Ni wa nani?"

"Wangu."

"Umeufunga sasa hivi?"

Alichungulia nje kwanza, kule shangazi alikokuwa anakohoa kwenye mkeka wake.

"Tangu waliposema pikipiki limeonekana barabarani," akasema. "Usimwambie shangazi."

"Nakubali, sitasema."

"Wewe kukubali kwako tumeshakuona," akasema, akaenda kuwafungia ndama.

Niliushika mzigo kwa mikono miwili. Kitanda kilikuwa chembamba. Mzigo ukapata upande wa ukutani, mimi nikapata ukingo.